Jahazi la Mjomba: Historia Fupi ya Usingizi wa Mahututi

Mjomba wangu alitoka katika chumba cha wagonjwa mahututi mwaka 2021. Ilimchukua miezi mitatu kunisimulia aliyoyaona humo. Kwa siku tisa, huku amelazwa kwa dawa za usingizi na mashine ikimpumulia, yeye alikuwa amefungwa kamba ndani ya jahazi, na wauguzi wakipatana bei ya kumuuza. Ni mzaliwa wa Bagamoyo. Hadithi za biashara ya watumwa amekua nazo. Alinisihi nisimwambie mkewe, asije akadhaniwa ana wazimu au amerogwa.

Tiba hii ina historia, na historia hiyo haikuanza kwa kulaza watu.

Agosti 1952, mji wa Copenhagen ulikuwa katikati ya mlipuko wa polio. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine chache mno za kupumulia. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alishauri mgonjwa atobolewe koo, aingizwe mpira, kisha asukumiwe hewa kwa mfuko unaobinywa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walibinya mifuko hiyo kwa zamu, usiku na mchana. Miongoni mwa walioshindwa kupumua, vifo vilishuka kutoka zaidi ya asilimia 80 hadi takriban 40. Hilo ndilo chimbuko la vyumba vya mahututi vya leo, na katika chimbuko hilo, nyuma ya kila pumzi palikuwa na mtu.

Kisha mashine zikachukua nafasi ya mikono. Za awali hazikufuata pumzi ya mgonjwa. Aliyeshindana nazo alilazwa. Nia ilikuwa huruma, sikatai. Lakini usingizi wa dawa si usingizi. Akili hunasa sauti na maumivu nusunusu, ikayatungia kisa: kitambaa kinachozuia mkono usichomoe mpira huwa kamba, sindano huwa sumu, muuguzi huwa mtekaji.

Mwaka 2001, Christina Jones na wenzake nchini Uingereza walieleza jambo ambalo lingemfaa mjomba: walioandamwa zaidi baadaye ni wale waliobaki na njozi tupu, bila kumbukumbu yoyote ya kweli ya kuzipima. Hospitali za Skandinavia zilikuwa tayari zimeanza kuwaandikia wagonjwa shajara kando ya kitanda, nao wakizinduka wasome yaliyowapata. Mwaka 2010, huko Odense, Thomas Strøm na wenzake walithubutu kutowalaza kabisa baadhi ya wagonjwa. Walitoka kwenye mashine mapema zaidi, ingawa waliofadhaika na kuweweseka waliongezeka, na ilibidi awepo mtu wa kuwatuliza. Yaani Denmark ilirudi ilikoanzia: kwenye mtu.

Ikaja korona. Dawa nzito zikarejea, na ndugu wakazuiwa mlangoni. Nami nilizuiwa. Kosa hilo silisamehe upesi, kwa kuwa daftari na kalamu havikuhitaji bajeti ya wizara, na hakuna aliyemwandikia mjomba hata mstari mmoja.

Nilimweleza nilichoambiwa na muuguzi kwa simu siku ya nne: kwamba mikono yake ilifungwa kwa bandeji kwenye kitanda, asije akachomoa mpira. Alinyamaza kitambo. Kisha akaanza kukisugua kifundo cha mkono wa kulia, akaniuliza kama wa kushoto nao ulifungwa.