Mikoko ya Mwache iliuliwa na udongo wa bara

Ikitajwa mikoko siku hizi, mara utaona picha ya watu wamesimama matopeni, kila mmoja na mche mkononi. Kupanda ni jema. Lakini nikiulizwa watu wetu watajikinga vipi na mafuriko na ukame, mimi huanza na hori la Mwache, hapa ubavuni mwa Mombasa.

Mvua za El Nino za 1997 na 1998 ziliposhuka, Mto Mwache ulibeba udongo mwingi kutoka nyanda kavu za Kinango na Samburu (Samburu ya Kwale, si ile ya kaskazini). Udongo ule ukatua horini na kufunika mizizi. Mikoko hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope. Ikizikwa, mti hukosa hewa ukafa. Eneo kubwa la msitu lilikauka likabaki magogo.

Mafuriko hayo hupata kazi rahisi pale ukame ulipotangulia. Majani hukauka, mifugo humaliza yaliyosalia, na aliyefiwa na mbuzi wake huchoma makaa kwa kuwa hana kingine cha kuuza. Ardhi hubaki uchi ikingoja mvua. Tumeyaona tena juzi: misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha kuanzia mwisho wa 2020, kisha mwisho wa 2023 yakaja mafuriko.

Kwa hiyo kinga ya mvuvi huanzia shambani kwa mkulima wa juu. Matuta yakichimbwa kukingama mteremko, maji hupungua kasi, huzama, na udongo hubaki. Majirani zetu wa Ukambani wana bwawa la mchanga: ukuta hujengwa kukata mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hujificha ndani ya mchanga. Jua haliyafikii kwa urahisi, na ng'ombe hawayachafui. Kisima kikichimbwa hapo, mama hapungukiwi maji mapema kiangazi kikiingia.

Huku chini napo kuna elimu yake. Mlilana hukaa mbele kwenye maji, mkoko wenyewe hufuata, na mchu huvumilia chumvi ya juu karibu na nchi kavu. Mimi nimewahi kupanda na kikundi aina moja tu, tena mahali penye mawimbi. Tuliporudi baada ya miezi miwili hatukukuta hata mche mmoja, ila picha tulikuwa nazo.

Gazi, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wamelinda msitu wao tangu 2013, wakauza hewa ya ukaa, na fedha zikaleta maji na kusaidia skuli. Wa pwani analipwa, na haki yake. Mfugaji wa Kinango anayechimba tuta chini ya jua kali anamlinda mvuvi asiyemjua, wala hapati hata senti. Fedha za miche zikija tena, mimi ningeomba nusu ipande Kinango kwanza.