Asidi, besi na chumvi: Kemia ya darasani inayoamua usalama wa maji ya Mto Tigithe

Mei 2009, maji yenye asidi yalivuja kutoka eneo la mgodi wa dhahabu wa North Mara, Nyamongo wilayani Tarime, yakaingia Mto Tigithe. Wanavijiji walilalamikia vifo vya watu na mifugo. Kampuni ilikiri maji kuvuja, lakini ikapinga kwamba ndiyo yaliyosababisha vifo hivyo.

Tigithe humwaga maji yake Mto Mara, na ng'ambo ya Mara ni Wilaya ya Serengeti. Mto huo nao huishia Ziwa Victoria. Kwa hiyo kinachoingia kwenye kijito kimoja cha Nyamongo si shida ya Nyamongo peke yake.

Lakini asidi ni nini hasa? Inatoka wapi kwenye mawe? Na kwa nini mgodi unanunua chokaa? Twende hatua kwa hatua.

Asidi ni nini?

Asidi ni kitu ambacho kikiwa ndani ya maji huachia chembe za haidrojeni zenye chaji chanya. Chembe hizo ndizo zinazoleta ladha ya ukali kwenye ndimu, siki na maziwa mgando, na ndizo zinazokula chuma na kuyeyusha madini.

Asidi hazilingani nguvu. Ile ya ndimu unaikamulia kwenye nyama choma na unaila bila wasiwasi. Ile ya betri ya gari, yaani asidi ya salfuriki, inaunguza ngozi na kutoboa nguo. Hata tumboni mwako kuna asidi ya haidrokloriki, na ndiyo inayosaidia kumeng'enya chakula.

Besi ni nini?

Besi ni mpinzani wa asidi: huzifuta zile chembe za haidrojeni. Besi zinazoyeyuka kwenye maji huitwa alkali. Kwa kawaida ni chungu na huteleza kama sabuni ukizigusa.

Nyumbani unazo. Maji ya majivu ni besi, na chokaa ya kupaka ukutani pia ni besi. Ukali usikuchanganye lakini: besi kali kama kostiki soda inaunguza ngozi na macho vibaya sawa na asidi kali.

Na chumvi?

Asidi na besi zikikutana kwa kiasi kinacholingana, huuana nguvu. Kinachobaki ni maji na chumvi. Asidi ya haidrokloriki ikikutana na kostiki soda, unapata maji na chumvi ya mezani.

Ila kwa mkemia, chumvi si ile ya mboga tu. Ni familia kubwa. Jasi inayotengenezewa dari ni chumvi, na baadhi ya mbolea, kama salfeti ya amonia, ni chumvi. Sayanaidi ya sodiamu inayotumika kuchenjua dhahabu nayo ni chumvi, na ni sumu kali.

Magadi ya kulainishia maharage ni mfano mzuri zaidi. Kwa asili yake ni chumvi, lakini ukiyatia kwenye maji yanafanya kazi kama besi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kuna ziwa linaloitwa Magadi kwa sababu hiyohiyo, na mbuga za kusini mwa hifadhi zina udongo uliotokana na majivu ya volkano, yakiwemo ya mlima Ol Doinyo Lengai. Kemia mbili tofauti: magadi upande wa hifadhi, asidi upande wa mgodi.

Kipimo cha pH

Nguvu ya asidi au besi hupimwa kwa pH. Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg.

Kwa kawaida kipimo huanzia 0 hadi 14. Katikati ni 7, ambapo maji hayana upande. Chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni besi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kila hatua moja ni mara 10. Maji ya pH 6 yana asidi mara 10 zaidi ya maji ya pH 7. Yakishuka hadi pH 3, ni mara 10,000. Kwa hiyo ukisikia pH imeshuka "kidogo tu" kutoka 7 hadi 5, jua kwamba asidi imeongezeka mara 100.

Maji ya mvua safi yana pH ya karibu 5.6, kwa sababu huyeyusha hewa ya ukaa angani. Maji ya kunywa kwa kawaida hutarajiwa kuwa kati ya 6.5 na 8.5.

Mawe yanatoaje asidi?

Mwamba wenye dhahabu mara nyingi huwa na pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kwa rangi ya njano na kumdanganya mchimbaji mgeni. Yakiwa chini ya ardhi, mbali na hewa, hayana shida.

Tatizo linaanza mwamba ukipasuliwa na kurundikwa juu. Pairaiti ikikutana na hewa na mvua, inatengeneza asidi ya salfuriki, ileile ya betri. Kuna bakteria wanaoishi kwa kazi hiyo, nao huiharakisha mara nyingi zaidi. Chuma kinachobaki huganda kama tope la rangi ya kutu kwenye mawe ya mto.

Lakini asidi yenyewe ni nusu tu ya hatari. Nusu nyingine ni kile inachokiyeyusha njiani: shaba, nikeli, aluminiamu, aseniki. Metali hizo zilikuwa zimefungwa ndani ya jiwe. Asidi inazifungua na kuzipeleka kwenye maji.

Na mchakato huu hausimami mgodi ukifungwa. Mawe yaliyorundikwa bila kufunikwa vizuri yanaweza kuendelea kutoa asidi kwa miongo mingi.

Dawa yake ni chokaa

Njia ya kawaida ya kutibu maji haya ni kuyatia chokaa. Asidi ya salfuriki ikikutana na chokaa, zinabaki maji na jasi, yaani chumvi. pH ikipanda, metali nyingi huganda na kutuama chini kama tope. Asidi, besi, chumvi: somo zima liko kwenye bwawa moja.

Ila lile tope bado lina metali ndani yake. Likihifadhiwa vibaya na kukutana na asidi tena, metali zinarudi kwenye maji. Ndiyo maana mabwawa ya tope sumu yanafuatiliwa sana.

Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi wa North Mara faini ya Sh5.6 bilioni kwa uchafuzi wa mazingira. Julai ukazuiwa kutumia bwawa lake la tope sumu. Zuio liliondolewa Septemba mwaka huohuo, baada ya Barrick kuchukua umiliki wote wa kampuni ya Acacia iliyokuwa ikiuendesha.

Kwa wachenjuaji wadogo: hili ni suala la uhai

Wanaochenjua marudio kwa sayanaidi huongeza chokaa kwenye matanki. Wengine hufikiri ni mazoea tu. Hapana. Chokaa inaiweka pH juu ya 10, na hapo sayanaidi inabaki ndani ya maji.

pH ikishuka, sayanaidi inageuka kuwa gesi inayoua kwa dakika chache. Baadhi ya watu hawana uwezo wa kuinusa kabisa, kwa hiyo pua si kipimo.

Zingatia haya:

- Usiweke asidi ya aina yoyote karibu na sayanaidi, hata ghalani.
- Pima pH ya tanki kabla na wakati wa kazi. Usikisie.
- Ukizimua asidi, mimina asidi kwenye maji, taratibu. Ukimimina maji kwenye asidi kali inachemka na kukurukia.
- Asidi ikikumwagikia, osha kwa maji safi mengi mfululizo kwa angalau dakika 20, kisha nenda kituo cha afya. Usipake chokaa wala magadi kwenye jeraha.

Jaribu nyumbani, lakini usidanganyike

Juisi ya rosela isiyo na sukari ni kipimo cha bure. Ikamulie ndimu, itakuwa nyekundu zaidi. Itie magadi, itageuka kijani au bluu. Mwanafunzi wa Mugumu au Sirari anaweza kufanya jaribio hili bila maabara.

Lakini usitumie rosela, wala karatasi ya pH, kuamua kwamba maji ya mto ni salama. pH nzuri haikwambii kama kuna aseniki au zebaki. Maji kuwa meupe pia si ushahidi: maji yenye asidi nyingi yanaweza kuwa maangavu kuliko ya kisima chako.

Na si kila maji mabaya yana asidi. Machi 2022 samaki walikufa Mto Mara na maji yakawa meusi. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Prof. Samwel Manyele ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza oksijeni kwenye maji. Ripoti ilizua mjadala mkali. Mjadala wa namna hiyo hutulizwa na vipimo kamili vya maabara vilivyo wazi kwa kila mtu.

Ukiona dalili, fanya nini?

Dalili ni tope la rangi ya kutu, samaki wanaoelea, au mimea ya kingoni kuungua ghafla. Zuia watoto na mifugo kutumia maji hayo. Usiyachemshe ukidhani yatakuwa salama: kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi metali.

Piga picha, andika tarehe, saa na mahali. Toa taarifa ofisi ya kijiji, kisha NEMC Kanda ya Ziwa au Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Omba sampuli zipimwe metali nzito na sayanaidi, si pH peke yake, na omba majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji.