Darasa Likinyamaza

Mwalimu akiitwa ofisini, kiranja husogea ubaoni na kipande cha chaki. Pembeni anaandika "Wapiga kelele", anapiga mstari chini yake, kisha majina yanaanza kushuka. Anayerudia kosa anawekewa alama mbele ya jina lake. Mwalimu akirudi orodha inasomwa na wenye majina wanatoka mbele. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania hahitaji kuelezwa kinachofuata.

Utaratibu huo umezoeleka hata ukadhaniwa ni wa tangu na tangu. Sivyo. Kwenye mwambao wa Ziwa Victoria upande wa Tanzania, kutoka Bukumbi na Nassa hadi Ukerewe, Musoma na Bukoba, kila kipande chake kiliingia kwa wakati wake: kengele, kiboko, kiranja, kitabu cha adhabu. Ukiifuata miaka hiyo taratibu, jambo moja linajirudia. Kila watoto walipozidi idadi ambayo mwalimu mmoja anaweza kuifahamu, kimya kilitafutwa kwa njia ya mkato, na kimya hicho kikahesabiwa kuwa ndio usikivu.

Kabla ya shule, elimu ya wavulana wa Kisukuma ilikuwa na mahali pake: shikome, moto wa jioni walipokaa wazee na vijana wa kiume. Hapo zilisimuliwa habari za ukoo, vikategwa vitendawili, na mwenye mwenendo mbaya akasutwa mbele ya wenzake. Wasichana walijifunza kwa mama na bibi zao. Haya hayakuwa malezi ya upole mtupu, kwani mkaidi alichapwa. Lakini kundi lilikuwa dogo, kila mtoto alijulikana ni wa nani, na aliyemchapa alikuwa mzazi wake au mtu ambaye angeulizwa na mzazi kabla jua halijazama. Huko Ukerewe, Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, aliyahifadhi maisha ya Wakerewe wa kale katika riwaya ndefu aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Kitereza aliyaandika ya wazee wake akiwa amepitia malezi ya namna nyingine kabisa: misheni ya Kagunguli, kisha seminari ya Rubya, ng'ambo ya magharibi ya ziwa.

Malezi hayo mapya yalianzia Bukumbi, kusini mwa Mwanza. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifika hapo mwaka 1883, baada ya kuondoka Buganda mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Miongoni mwa watoto wa kwanza waliowakusanya walikuwamo waliokombolewa utumwani, ambao hawakuwa na mjomba wala shangazi wa kumwendea kulalamika. Waanglikana nao walikuwa Usambiro, alikofia fundi na mmisionari Alexander Mackay mwezi Februari 1890, na Nassa kando ya Ghuba ya Speke, kituo ambacho mwaka 1909 kilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission.

Misheni ilileta kengele. Sala, katekisimu, shamba na chakula vyote vilikuwa na mlio wake, na mtoto aliyezoea kuisoma siku kwa jua na mifugo akaanza kuisoma kwa chuma kinachogongwa. Pamoja na kengele likaja somo la maswali na majibu ya kukariri kwa pamoja. Njia hiyo ilikuwa na faida yake. Mwalimu mmoja aliweza kuwashika watoto wengi bila vitabu, na sauti moja ya kundi ilimwonyesha kwamba wote wapo. Kasoro yake ni kwamba asiyejua hujificha ndani ya sauti za wenzake, na mwalimu huridhika.

Kiboko kilikuja kwa mlango mwingine. Wajerumani walijiimarisha Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kwenye maboma yao mjeledi wa ngozi ya kiboko ulikuwa adhabu ya wapagazi, vibarua na wafungwa. Amri ya Kansela wa Ujerumani ya Aprili 1896 iliweka kikomo cha mapigo 25 kwa mara moja, na wananchi wakayapa jina la "hamsa ishirini". Amri hiyo haikutungwa kwa ajili ya wanafunzi. Hata hivyo ilianzisha mazoea yaliyodumu kuliko utawala wenyewe: serikali kutouliza kama mtu apigwe, bali apigwe mara ngapi.

Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walileta kiranja, mwenye asili mbili. Ya kwanza ni shule za maskini za London, ambako tangu mwaka 1798 Joseph Lancaster alifundisha mamia ya watoto katika chumba kimoja kwa kuwatumia wanafunzi wakubwa wasimamie wadogo. Lancaster alipinga viboko. Badala yake alimfunga mtukutu gogo shingoni au kumning'iniza ndani ya kikapu ili achekwe. Asili ya pili ni shule za bweni za matajiri wa Uingereza, ambako wanafunzi wa madarasa ya juu walipewa mamlaka juu ya wenzao. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 hasa kwa ajili ya watoto wa machifu, ilifuata mfano huo, na wahitimu wake wakausambaza walikokwenda kufundisha. Kiranja wa leo amerithi pande zote mbili: anamsaidia mwalimu aliyezidiwa na watoto, na wakati huohuo anafundishwa kutawala.

Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 kutoka Butiama aliandikishwa katika Shule ya Mwisenge, mjini Musoma. Alikuwa Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Mmoja wa walimu wake, James Irenge, alikumbukwa hadi uzeeni kwa kuwa alimfundisha. Shule za namna hiyo zilikuwa chache, na waliopata nafasi walikuwa wachache zaidi. Mwalimu alimjua kila mvulana kwa jina, kijiji na tabia. Fimbo ilikuwapo, lakini nyuma yake ilisimama adhabu nzito kuliko fimbo, yaani kurudishwa nyumbani na nafasi kupewa mwingine. Utulivu wa madarasa ya zama hizo, ambao wazee hupenda kuusifu, ulitokana kwa sehemu kubwa na watoto wengi kubaki nje ya mlango. Nyerere alifaulu, na mwaka 1937 akaenda Tabora.

Miaka 40 baada ya kuingia Mwisenge, alirudi Musoma akiwa Rais wa nchi na kiongozi wa chama cha TANU. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama ilikutana mjini humo na kuazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani. Hilo ndilo Azimio la Musoma. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka milioni 1.2 hivi mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwaka 1980. Ilikuwa haki kubwa kutendwa kwa muda mfupi, na katika vijiji vya Usukuma ndiyo iliyomtoa machungani mtoto wa mfugaji.

Walimu wangetoka wapi? Serikali iliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafundisha wakiwa kazini: asubuhi walifundisha, mchana walisoma kwa posta, redio na msaada wa mratibu wao. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Jina la "mwalimu wa UPE", yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, baadaye likawa la kejeli, na kejeli hiyo haikuwa ya haki. Kijana huyo alikabidhiwa chumba kilichojaa watoto, wengine akiwa hajawaacha mbali kwa umri, madawati hayatoshi, na vitabu vinashirikiwa na kundi zima. Ujuzi wa kulivuta darasa kwa maswali, kugawa makundi, kubadili kazi kabla watoto hawajachoka, huja kwa mafunzo marefu na kwa kumtazama mwalimu mzoefu. Yeye aliondoka shuleni na kumbukumbu za mwanafunzi tu, na katika kumbukumbu hizo fimbo haikukosekana.

Kulikuwa na mgongano mwingine. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967 ulitaka kazi ya mikono iheshimiwe kuwa sehemu ya elimu. Lakini shule nyingi zilifanya kulima, kuchota maji na kufyeka nyasi kuwa adhabu. Mtoto aliyepiga soga darasani alitumwa shamba la pamba, akajifunza kwamba jembe ni la wakosaji.

Kisha sheria ikaja kuweka mipaka. Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ziliruhusu hadi viboko sita. Kanuni za mwaka 2002 zikapunguza hadi vinne. Zinasema atakayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, ila kama hayupo shuleni. Fimbo iwe nyepesi, ipigwe mkononi au makalioni juu ya nguo. Na kila adhabu iandikwe kitabuni. Jambo ambalo wengi hawalisomi ni kosa lenyewe: kanuni zinazungumzia utovu mkubwa wa nidhamu, au kosa zito linaloishushia shule hadhi. Kuongea wakati mwalimu hayupo si kosa la aina hiyo. Kwa hiyo viboko vya orodha ya kiranja, vile ambavyo karibu kila Mtanzania anavikumbuka, havina mahali ndani ya sheria inayodhaniwa kuviruhusu.

Mazoea yalikuwa na nguvu kuliko kanuni. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya vijana waliohojiwa walikuwa wamepigwa na mwalimu kwa ngumi, teke au kiboko kabla ya kutimiza miaka 18. Watafiti walikuwa wameshaliona tatizo hilo vijijini Mwanza. Kuanzia mwaka 1999 mradi wa MEMA kwa Vijana uliingiza masomo ya afya ya uzazi katika shule za msingi 62 za mkoa huo. Masomo yalihitaji watoto waulize, waigize na wajadili mambo ya aibu. Walimu waliofunzwa waliipata shida hasa hapo, kwa kuwa mtoto aliyezoea kuadhibiwa na mwalimu hufikiri mara mbili kabla ya kumwuliza swali.

Tena si kila asiyesikiliza ni mtukutu. Kwenye visiwa na mialo, dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na asubuhi kuna wa kuanikwa. Mtoto aliyefanya kazi hiyo huja shuleni na usingizi. Kichocho, kinachowasumbua watoto wanaooga na kuchota maji ziwani, huleta upungufu wa damu na uchovu. Na anayeanza darasa la kwanza akiwa anajua Kisukuma tu huonekana mzembe, kumbe Kiswahili cha mwalimu bado hakijamfikia.

Idadi nayo iliendelea kupanda. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na Januari 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne. Mara zote mbili watoto walifurika, nazo shule za mijini kama Mwanza zikagawa wanafunzi kwa zamu za asubuhi na mchana. Kiwango rasmi cha shule za msingi kilikuwa wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, lakini vyumba vyenye watoto zaidi ya 100 vikawa jambo la kawaida.

Wakati huo ziwa moja lilikuwa na sheria tatu. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Uganda ilivikataza kwa waraka mwaka 2006 na kwa sheria mwaka 2016. Tanzania iliendelea kuviruhusu. Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu, na Machi 2019 Mahakama Kuu ikamhukumu mwalimu huyo kunyongwa. Oktoba mwaka huohuo, mkuu wa mkoa wa Mbeya aliwachapa hadharani wanafunzi wa sekondari moja ya Chunya, naye Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato aliyewahi kufundisha Sengerema, akamuunga mkono. Nchi ilikuwa imeomboleza na kushangilia fimbo ndani ya miezi 14.

Njia nyingine zimejaribiwa, na matokeo yake hayafanani. Wilayani Luwero, Uganda, shule 42 zilishiriki jaribio lililowahusisha wakuu wa shule, walimu, wanafunzi na wazazi kwa miezi 18. Matokeo yalitolewa mwaka 2015: katika shule zilizopata mpango huo asilimia 31 ya wanafunzi walisema walipigwa na watumishi wa shule wiki iliyopita, na katika zile ambazo hazijaupata ni asilimia 49. Katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, walimu walifundishwa katika vikundi namna ya kutuliza hasira na kuongoza darasa bila kupiga. Watafiti wa Mwanza walishiriki kupima, na mwaka 2021 ikatangazwa kwamba kipigo hakikupungua. Tofauti moja inaonekana wazi. Luwero shule nzima ilijadili ni nani ana mamlaka juu ya nani, lakini Nyarugusu mwalimu alipewa mbinu na kurudishwa katika msongamano uleule wa kambi.

Mbinu zenyewe hazina ugeni. Walimu hodari wa madarasa ya awali huhama kutoka somo hadi somo kwa wimbo, huamsha darasa kwa makofi ya mpangilio, huhesabu kwa vifuniko vya soda, na huita jina la anayesinzia kwa swali analoweza kulijibu. Chuo cha Ualimu Butimba, hapo hapo Mwanza, kinasifika nchini kwa muziki, sanaa na michezo. Mbinu hizo zinataka mwalimu apite katikati ya watoto na kuwaita kwa majina, na hilo haliwezekani wanapokaa sakafuni hadi mlangoni.

Ndiyo maana mjadala wa fimbo ukitenganishwa na mjadala wa vyumba na walimu hauendi mbali. Kitabu cha adhabu kimetakiwa kwa miaka mingi kionyeshe idadi ya viboko. Kingemsaidia zaidi mkaguzi kama kando ya idadi hiyo pangeandikwa nyingine: siku ile darasa lile lilikuwa na watoto wangapi, na walimu wangapi.