Pemba si rangi: habari ya kasanamu nilikoharibu kwa mikono yangu



Juzi mdogo wangu aliniletea telefone niangalie video. Kijana mmoja wa Ulaya amekaa chini ya taa, mkononi ana kasanamu ka mchawi mwenye ndevu na fimbo. Anakapaka rangi na burashi yenye nywele chache sana. Kwanza nyeusi mwili mzima. Kisha nyeupe kidogo kutoka juu, mahali jua la saa sita lingepiga. Kisha rangi ya majimaji inayojikimbilia yenyewe ndani ya mikunjo ya nguo. Saa nyingi kwa uso mmoja tu. Mdogo wangu akasema: "Yaya, bazungu banacheza sawa batoto."

Sikucheka. Nilijibu tu kwamba ile ni kazi ya watu wazima, tena wengi. Mchezo wa Warhammer, ambao umewaleta wengi katika kazi hiyo, ulitoka Uingereza mwaka 1983. Wengine hawachezi mchezo wowote: wanapenda rangi yenyewe, na hao huchagua sanamu kubwa zaidi, za milimita 75 au za kichwa na mabega tu, ili uso uonekane vizuri. Wachawi, mazimwi, majitu: watu ambao hawakuishi hata siku moja, lakini kila mmoja ana jina na hadithi.

Sababu ya kutocheka ni kwamba mimi pia niliwahi kupaka kasanamu. Sijawahi kuandika habari hiyo popote. Leo naiandika hapa.

Mama yangu ni Mulega, wa upande wa Pangi. Katika vitu vyake kulikuwa na kasanamu ka mti, urefu wa shibiri moja, mtu amesimama bila mikono, tumbo mbele, uso kama umbo la moyo. Mwili ulikuwa mweusi wa kung'aa, na ndani ya uso kulibaki weupe fulani, kama unga uliokaukia pale. Nilipokuwa mwaka wa tatu, fakilte yetu ilitayarisha siku ya utamaduni, kila mwanafunzi alete kitu cha kwao. Nikakachukua. Nikaona ni kachafu. Nikakaosha na sabuni ya unga na burashi ya viatu mpaka maji yakatoka meusi. Kisha nikanunua sokoni rangi ya mafuta, ile ya kupaka milango, nikakapatia nguo nyekundu, macho meupe, mdomo. Watu walipiga makofi. Nilikuwa nafurahi kabisa.

Wakati wa likizo mjomba alifika nyumbani na pikipiki kutoka upande wa Kampene. Alikakuta mezani. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza:

"Ni nani alifanya hivi?"

"Ni mimi, mjomba."

"Na jina yake ni nani?"

Sikuwa na jibu.

"Unaona," akasema. "Umemuvalisha nguo mbele ya kumuuliza jina. Na ile nyeusi uliosha, haikukuwa uchafu. Ilikuwa mikono ya batu."

Toka siku hiyo nilianza kusoma na kuuliza. Haya ndiyo niliyopata.

Kwa Balega, tusanamu hutu ni mali ya Bwami. Bwami si ufalme, wala mtu hazaliwi ndani ya cheo chake. Ni chama cha ngazi: kongabulumbu, kansilembo, ngandu, yananio, na juu kabisa kindi. Mwanaume anapanda kwa mwenendo wake na kwa msaada wa ndugu zake, upande wa baba na upande wa mama. Mke wake anapanda pamoja naye, na bila mke hawezi kufika juu. Pembe ya ndovu ilikuwa ya kindi. Wengine walikuwa na vitu vya mti, vya mfupa, vya magamba na vya nyuzi.

Kila kasanamu ni mtu wa kubuni, ana jina, na jina lake linakuja pamoja na methali. Sakimatwematwe ni mwenye vichwa au nyuso nyingi. Yeye ameona ndovu ng'ambo ya mto mkubwa. Mwenye nyuso nyingi anaangalia pande zote kabla ya kusema. Wayinda ana tumbo kubwa: kwa yeye wanafundisha juu ya uzinzi na madhara yake kwa mtoto aliye tumboni. Kuna mwingine ameinua mikono juu, huyo ni habari ya kukata kesi. Mwalimu wa Bwami anashika kasanamu, anacheza, anaimba methali, na yule anayeingizwa anaangalia na kutafuta maana. Kumbe nasi tulikuwa na watu wetu wa ajabu, wenye vichwa vitatu na hadithi zao, na watu wazima walikaa usiku kucha wakiwasikiliza.

Ila kuna jambo moja gumu. Daniel Biebuyck, mtafiti wa Ubelgiji aliyefanya kazi kwa Balega katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake kikubwa Lega Culture mwaka 1973, alionyesha kwamba umbo peke yake halitoshi kukwambia jina. Kasanamu kasiko na alama ya pekee kanaweza kuwa huyu leo, na yule kesho katika sherehe nyingine. Jina liko katika kinywa cha mwenyewe na katika siku ile. Kwa hiyo swali la mjomba halikuwa la kunitega. Lilikuwa ndilo swali lenyewe.

Sasa tuje kwenye rangi. Hapa naomba mnivumilie, mimi ni mtu wa udongo.

Ule weupe ndani ya uso unaitwa pemba. Ni udongo mweupe wa kando ya mito, na kwa lugha ya darasani ni kaolini. Inazaliwa pale ambapo joto na mvua nyingi vimekula mawe kwa muda mrefu sana, vikaondoa karibu kila kitu, vikabakisha alumini na silika. Sisi wa agronomia hatuipendi, haishiki chakula cha mimea, mbolea inapita tu. Udongo wetu mwekundu ni ndugu yake, tofauti ni chuma kilichooza ndani. Nyeusi ni makaa na moshi. Nyekundu ile ya nkula, ya kupaka mwili pamoja na mafuta, inatoka katika mti wa jamii ya Pterocarpus, wanaisaga mpaka unga. Kwa maneno mengine, duka la rangi la babu zetu lilikuwa kando ya kijito na ndani ya msitu.

Lakini angalieni tofauti. Rangi ya dukani ina gundi au mafuta ndani yake. Inakauka, inashika, na inabaki hata kama mwenyewe amehama au amekufa. Ndiyo sababu kijana wa video anamaliza kazi, anaweka kabatini, imeisha. Pemba haina gundi. Chembe zake ni vipande bapa, vidogo sana, vinateleza. Ukiipaka leo, kesho mkono unaiondoa. Mahali panaposhikwa sana, kama paji la uso, pua, tumbo, inatoka, na mti unang'aa kwa mafuta na jasho. Mahali pa ndani, ambapo kidole hakifiki, weupe unabaki. Ule uso mweupe wenye pua nyeusi, ambao watu wa makumbusho wanausifu, haukutengenezwa na fundi siku moja. Ni fundi, kisha sherehe, kisha mafuta, kisha sherehe tena, miaka na miaka. Na sanamu za pembe ya ndovu vilevile: walizipaka mafuta kama mtu anavyojipaka mwilini, ndiyo maana zikawa na rangi ya asali.

Kwa hiyo kasanamu kenye pemba mbichi kanakwambia jambo moja: kuna mtu alikashika karibuni. Kasipokuwa na watu, kanafifia. Hiyo ndiyo niliyoosha kwa sabuni ya unga.

Je, sisi wa Nyangwe tunahusika wapi? Tunahusika sana. Pembe ile ile ya ndovu ndiyo iliyoleta wafanyabiashara wa Zanzibar mpaka hapa ukingoni mwa Lualaba. Livingstone alifika Nyangwe tarehe 29 Machi 1871, akaliona soko letu, wanawake kwa mamia na mamia, samaki na vyungu. Tarehe 15 Julai mwaka ule ule aliwaona watu wa bunduki wakiwapiga risasi wanawake sokoni na wengine wakizama mtoni. Waliokufa ni mamia. Novemba 1876 Stanley alitoka hapa pamoja na Tippu Tip, akaingia msitu wa kaskazini aliouita Uregga, ndiyo nchi ya Balega. Machi 1893 jeshi la Dhanis likaichukua Nyangwe, na mwezi uliofuata Kasongo. Baada ya hapo pembe ziliendelea kusafiri, zimebadilika tu njia na mwenyewe.

Fikirini hesabu hiyo. Kwa mfanyabiashara, pembe ni uzito: mabega mangapi ya kuibeba, siku ngapi mpaka pwani. Kwa kindi, kipande kinachoingia katika kiganja kilitosha kufundisha mtu kutozini, kutogombana, kutokula peke yake. Msitu mmoja, ndovu mmoja, bei mbili ambazo hazikutani.

Kisha utawala wa Ubelgiji ukakataza Bwami, mwaka 1933 na tena 1948. Waliogopa chama ambacho hakikuwa chini yao. Wazee wakaficha vitu. Vingine vikauzwa, vingine vikachomwa, vingi vikaenda Ulaya na Marekani. Leo ukitaka kuona tusanamu twa Balega tukiwa twingi pamoja, utaenda Tervuren, karibu na Bruxelles, kabla ya kwenda Pangi. Kule tunalindwa na joto na wadudu, sikatai. Lakini hakuna anayetupaka mafuta wala pemba, na ni haki yao kutogusa. Uso unabaki vile ulivyokuwa siku ya kuondoka nyumbani.

Ninajua baadhi yenu mtasema: hayo ni mambo ya uchawi, wacha yaende. Nimesikia hivyo hata kanisani kwetu. Siwaombi mwingie Bwami, mimi mwenyewe si mtu wa Bwami na siri zake sizijui. Ninasema tu kwamba methali za kukataza uzinzi na za kukata kesi kwa haki si uchawi. Na sisi tuliosoma miaka mitano ili tupate lisansi, tunajua ugumu wa kupanda ngazi moja moja mbele ya wakubwa wanaokuuliza maana.

Nilijaribu kutengeneza kosa langu. Niliondoa ile rangi nyekundu na petroli, ikatoka nusu, nusu ikabaki ndani ya nyufa. Kisha nilienda kando ya kijito, nikachimba pemba safi kabisa, nikaisaga, nikamwita mjomba kwa telefone. Nikamwambia: nimepata udongo wenyewe, nirudishie uso wake?

"Hapana," akasema. "Pemba si rangi. Kama hujui jina, utakuwa unapaka tena mulango."

Nikamuuliza kama yeye analijua jina. Akanyamaza kidogo. Kasanamu kalikuwa ka babu, akasema, na babu aliingia zamani, wakati wa kujificha, hakufundisha watoto wote. Mkubwa wao aliyefundishwa amekufa. Yeye mjomba anajua methali kadhaa, lakini hajui ni ipi ya kasanamu hako.

Basi kako hapa, juu ya rafu, kakiwa na nguo nyekundu ya viraka na uso usio na kitu. Pemba iko pembeni yake katika kikopo cha maziwa. Kila nikienda upande wa Pangi kwa kazi ya mbegu, ninabeba daftari mbili: moja ya mashamba, moja ya methali za wazee wanaokubali kunipatia. Mpaka sasa nina kumi na saba. Hakuna mzee aliyeniambia bado: hii ndiyo yake.

Kama kwenu kuna kitu cha namna hiyo ndani ya sanduku, msikioshe. Kabla hamjakigusa, ulizeni jina lake, na muulize mwaka huu.