Jenereta yako inakumbuka

Umeme umekatika. Unavuta kamba, jenereta inanguruma vizuri, lakini taa haziwaki. Fundi anakwambia waya za ndani zimeungua, zisukwe upya. Kabla hujatoa hela, turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa kwenye koili ya waya, umeme unapita. Jenereta za mwanzo zikategemea sumaku za kudumu, nzito lakini dhaifu. Mwaka 1867 Werner von Siemens, Berlin, na Charles Wheatstone, London, kila mmoja kivyake, wakatangaza njia bora. Chuma kilichowahi kuzungukwa na umeme hubaki na usumaku kidogo. Ukizungusha mashine, usumaku huo unazalisha umeme kiduchu. Umeme huo unarudi kuuongezea usumaku nguvu, na hivyo hivyo mpaka nguvu kamili.

Jenereta nyingi ndogo za leo bado zinaanza kwa njia hiyo. Ikikaa stoo miezi mingi, usumaku ule unaweza kupotea. Injini nzima, waya nzima, ila hakuna cha kuanzia! Fundi anayelijua hilo huurudisha kwa betri ya volti 12, kazi ya dakika chache.

Kwa hiyo iwashe kila mwezi, nje ya nyumba, ikiwa imebeba taa au feni. Na siku ukiambiwa waya zimeungua, muulize fundi swali moja: usumaku umeuangalia?