Key Club: Miaka 100 ya Wanafunzi Kuitumikia Jamii

Tarehe 7 Mei 1925, wavulana 11 wa Sacramento High School, katika jimbo la California, Marekani, walifanya mkutano wa kwanza wa klabu yao mpya, Key Club. Mwaka 2025 klabu hiyo ilitimiza karne moja. Leo ni mtandao wa wanafunzi wa sekondari wanaojitolea katika shule nyingi za Marekani na za nchi nyingine, na viongozi wake wote, kuanzia ngazi ya shule hadi rais wa kimataifa, ni wanafunzi.

Wazo lilitoka kwa Albert Olney na Frank Vincent, wanachama wa Kiwanis mjini Sacramento. Kiwanis ilianzishwa Detroit mwaka 1915 kama chama cha wafanyabiashara na wanataaluma, kisha ikajikita katika huduma kwa jamii, hasa kwa watoto. Wakati huo vijana wengi wa sekondari nchini Marekani walivutiwa na vyama vya siri vya wanafunzi. Wazee hao wawili walitaka kuwapa vijana chama cha wazi chenye kazi ya maana. Mwanzoni wavulana walikutana wakati wa chakula cha mchana, wakasikiliza wageni wakieleza kazi zao, na wao wakaalikwa kwenye vikao vya watu wazima wa Kiwanis. Haukupita muda wakaanza kuihudumia shule yao, kisha mji wao.

Shule nyingine zikaiga. Mwaka 1939 klabu za Florida ziliungana kuwa shirikisho la jimbo. Mwaka 1943 wajumbe walikutana Sarasota wakaunda chama cha klabu zote. Na mwaka 1946, huko New Orleans, katiba ya Key Club International ikapitishwa.

Muundo uliojengwa miaka hiyo ndio uti wa mgongo wa klabu hadi sasa. Kila klabu ina mwalimu mlezi na mshauri kutoka Kiwanis, lakini mwanafunzi ndiye anayeongoza kikao, anayeandika kumbukumbu zake, anayetunza fedha na anayepanga ni kituo gani cha wazee kitembelewe au ni ghala lipi la chakula cha wahitaji lichangiwe. Wapo vijana wa miaka 16 na 17 wanaosimamia klabu za shule kadhaa kwa pamoja, wakiwatembelea na kuwafunza viongozi wenzao. Kijana akipewa dhamana ya namna hiyo, akatakiwa kutoa hesabu mbele ya wenzake, hujifunza uongozi ambao hotuba za paredi haziwezi kumpa.

Kwa nusu karne ya kwanza, dhamana hiyo ilikuwa ya wavulana peke yao. Wasichana walifunguliwa mlango mwaka 1977, na Circle K, klabu ya Kiwanis ya wanafunzi wa vyuo, ilikuwa imewakubali wanawake tangu mwaka 1973. Kiwanis yenyewe ilibadilisha kanuni zake mwaka 1987. Vijana walitangulia, wakubwa wakafuata baada ya miaka kumi. Katika historia yote ya familia hii ya Kiwanis, hilo ni miongoni mwa mambo ya kujivunia zaidi.

Circle K ilianza mwaka 1936 katika Washington State College, Pullman, kama bweni la kuwasaidia wanafunzi wenye kipato kidogo wamudu masomo; klabu ya kwanza ya huduma kwa jina hilo iliundwa Carthage College, Illinois, mwaka 1947. Baadaye Kiwanis iligeukia watoto wadogo zaidi, kwani udongo uwahi ungali maji. Mwaka 1975 ikaja Builders Club kwa wanafunzi wa shule za kati, na mwaka 1990 K-Kids kwa watoto wa shule za msingi. Hivyo mtoto anaweza kuanza kwa kukusanya vitabu vya maktaba ya shule yake, akakua ndani ya huduma hadi chuo kikuu.

Kazi hiyo ya huduma imefika hata kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2010 Kiwanis na UNICEF walizindua kampeni ya kutokomeza pepopunda ya kina mama na watoto wachanga, ugonjwa unaoweza kuingia kitovu kinapokatwa kwa kifaa kichafu. Chanjo tatu za kumkinga mama na mwanawe ziligharimu takriban dola 1.80 za Marekani, na wanafunzi wa Key Club walikuwa miongoni mwa waliochangisha fedha. Wakati kampeni ikianza, Uganda, Tanzania na Kenya zilikuwa bado kwenye orodha ya nchi zenye tatizo hilo. Uganda ilithibitishwa kulitokomeza mwaka 2011, Tanzania mwaka 2012, na Kenya ikafuata kabla ya mwongo huo kwisha. Sifa kubwa ni ya wahudumu wa afya na kina mama wenyewe. Hata hivyo, senti za wanafunzi wa mbali zilikuwa sehemu ya juhudi hizo za dunia.

Tunaipongeza Key Club kwa karne yake. Imedumu kwa sababu wakubwa waliwaamini wanafunzi wakawaachia kazi halisi, fedha halisi na uamuzi halisi. Walimu walezi wa klabu za shule zetu wana haki ya kudai imani hiyo hiyo kwa wanafunzi wao, na wanafunzi wana wajibu wa kuistahili.