Matreni ya Michenzani

Wageni wa Unguja huelekezwa Mji Mkongwe, kwenye milango ya nakshi. Wenyeji wengi wa mjini, hata hivyo, wamezaliwa na kulelewa upande wa pili wa mji, Ng'ambo, na kitovu cha Ng'ambo ni Michenzani: barabara mbili pana zinazokutana kwenye kipilefti, kandokando yake majumba marefu ya fleti, kila moja likikaribia mita 300. Watu wanayaita matreni.

Kabla ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Ng'ambo ilijaa nyumba za miti na udongo, nyingi zimeezekwa makuti, zimebanana vichochoroni, kila moja na kibaraza mbele na ua nyuma. Rais Abeid Amani Karume alitaka wanyonge waliokaa humo wapate nyumba za kisasa zenye maji na umeme. Ujerumani Mashariki, iliyokuwa rafiki wa mwanzo wa serikali mpya, ilileta wataalamu, na fleti za kwanza zikasimama Kikwajuni. Kisha ikafika zamu ya Michenzani. Nyumba kongwe zilivunjwa, wananchi wakajitolea kwenye ujenzi.

Karume hakuyaona majumba yote yakikamilika. Aprili 7, 1972 aliuawa Kisiwandui, jirani kabisa na hapo, na kazi ikaendelezwa na mrithi wake, Aboud Jumbe.

Kuhamia ghorofani kulikuwa mtihani. Mama aliyezoea kutwanga na kuanika nguo uani alijikuta na kijiveranda. Maji yalipokosa nguvu ya kupanda, madumu yalibebwa ngazi kwa ngazi hadi juu, na waliolipa gharama hiyo kwa migongo yao ni wanawake na watoto. Ramani haikuwa na kibaraza, lakini watu walikirudisha wenyewe: chini ya majumba yakaota maduka, meza za kahawa, mabao na vijiwe. Kimojawapo, Maskani ya Kisonge, chenye ubao wake wa maneno makali ya siasa, kimejulikana visiwa vyote.

Mji Mkongwe uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Michenzani haijapata heshima ya namna hiyo, na hilo ni upungufu, kwa sababu hakuna mahali pengine Unguja ambapo ahadi ya Mapinduzi inaonekana wazi hivi, pamoja na nyufa zake. Mnara wa miaka 50 ya Mapinduzi umejengwa papo hapo, na kwenye veranda zinazoutazama kanga bado zinaanikwa kila asubuhi.